Makadirio ya Bei Kwenye Minada ya Magari ya Kale: Yaaminiwe Kiasi Gani, na Yapimwe Vipi

Novemba 2022, jijini London, kampuni ya RM Sotheby's ilinadi Rolls-Royce Silver Shadow ya mwaka 1974 iliyokuwa ya Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, akaja kuvuma dunia nzima. Katalogi ilitaja pauni 20,000 hadi 30,000. Gari likaondoka kwa pauni 286,250. Novemba iliyofuata, kampuni hiyohiyo ikaipeleka mnadani New York Ferrari 250 GTO ya 1962, matarajio yakiwa zaidi ya dola milioni 60. Ikauzwa milioni 51.7.

Ukiyatazama matukio hayo mawili kwa haraka utasema makadirio ya bei ni ramli tu. Lakini chukua orodha nzima ya magari ya siku moja, yale yasiyoandikwa magazetini, utakuta mengi yameangukia karibu kabisa na namba za katalogi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni lini uziamini namba hizo, kwa gari la aina gani, na uzipime kwa kipimo kipi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua, awe Nairobi, Muscat au Manchester, lakini hata anayefuatilia minada kwa mapenzi tu utamfaa.

Hatua ya kwanza: jua namba imetoka wapi

Mwenye gari la thamani hapigi simu kampuni moja. Ataongea na RM Sotheby's, na Bonhams, na Gooding, na kama gari ni la Kifaransa au yuko karibu na Paris, na Artcurial pia. Wote wanalitaka gari lake. Mara nyingi anayetaja namba kubwa ndiye anayepewa, na hapo ndipo baadhi ya makadirio huanza kuvimba kabla hata gari halijapigwa picha.

Mkataba ukishasainiwa, upepo unageuka. Sasa kampuni inataka gari liuzwe, kwa sababu gari lisilouzwa halina faida kwao na linawatia doa. Mtaalamu aliyesema “tutapata milioni” anaanza kumshawishi mwenye gari akubali kushuka. Kadirio dogo huvuta watu. Wakiwa wengi ukumbini au kwenye simu, bei hupanda yenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa waambaji ni wawili, kila mmoja kwa upande wake. Namba unayoisoma kwenye katalogi ndiyo mahali ngozi ilipotulia baada ya mvutano huo.

Kuna na suala la wakati. Katalogi hutayarishwa wiki nyingi kabla ya mnada. Kadirio la mnada wa Agosti kule Monterey, California, limetokana na bei za masika au hata za Januari, pale Scottsdale, Arizona. Soko likiwa limelala, tofauti ni ndogo. Likiwa linakimbia, au linaporomoka kama lilivyoporomoka baada ya kishindo cha mwishoni mwa miaka ya 1980, kadirio linaweza kuwa limechacha kabla mlango wa ukumbi haujafunguliwa.

Hatua ya pili: soma kinachosemwa na kadirio kuhusu bei ya siri

Muuzaji huwa na bei ya chini ambayo hataki gari lishuke hapo. Haitangazwi. Ila masharti ya kampuni nyingi kubwa yanasema bei hiyo haiwezi kuzidi kadirio la chini. Hili ni jambo la thamani sana kwako: ukiona “40,000 hadi 50,000”, unajua muuzaji amekubali kuuza kwa 40,000 au pungufu. Kadirio la juu halimfungi mtu yeyote. Mimi huliangalia kadirio la chini kwa makini na lile la juu kama pambo.

Ujue pia kwamba mpaka bei ya siri ifikiwe, mnadi ana ruhusa ya kupandisha dau kwa niaba ya muuzaji. Masharti ya mauzo yanasema hivyo waziwazi, ila ni wachache wanaoyasoma. Ukisikia bei inapanda haraka mwanzoni na humwoni anayeinua mkono, usidhani umezungukwa na washindani.

Gari likiandikwa kwamba linauzwa bila bei ya siri, kadirio lake lisome kwa jicho jingine. Muuzaji amejifunga kukubali chochote kitakachopatikana, na mara nyingi namba huwekwa chini kwa makusudi. Rolls-Royce ya Mercury iliuzwa hivyo, tena kwa hisani, fedha zikielekezwa kwenye hospitali ya majeruhi wa vita nchini Ukraine. Pauni 20,000 hadi 30,000 ilikuwa bei ya Silver Shadow ya kawaida. Jina la mwenye gari halikutiwa bei kabisa. Liliachwa ukumbi ulitie wenyewe.

Halafu kuna magari yasiyo na namba, yameandikwa tu kwamba kadirio hutolewa kwa atakayeuliza. Uliza. Hutaonekana msumbufu. Watakujibu kwa simu au barua pepe, na namna wanavyojibu, kwa kusitasita au kwa mkato, inakuambia mengi.

Hatua ya tatu: tenganisha nyundo na ada

Hapa ndipo watu wengi, waandishi wa habari wakiwemo, wanapopotea. Makadirio kwa kawaida hutaja bei ya nyundo, yaani dau la mwisho mnadi anapogonga meza. Matokeo yanayotangazwa baadaye huwa yameongezwa ada ya mnunuzi, asilimia kumi na zaidi juu ya nyundo. Ukilinganisha tangazo na kadirio moja kwa moja, unalinganisha vitu viwili tofauti, na mnada wowote utaonekana umefanya vizuri kuliko ulivyofanya.

Tazama Ferrari 250 GTO iliyouzwa Monterey Agosti 2018. Kadirio lilikuwa dola milioni 45 hadi 60. Bei iliyotangazwa: 48,405,000. Kila mtu akaandika kwamba imeuzwa ndani ya makadirio. Lakini nyundo iligonga kwenye milioni 44. Ada wakati huo ilikuwa asilimia 12 kwa dola 250,000 za mwanzo, ambayo ni 30,000, na asilimia 10 kwa kilichobaki, ambayo ni 4,375,000. Jumlisha upate ile 48,405,000. Gari lililosifiwa kwamba limefikia lengo lilikuwa limeanguka milioni moja chini ya kadirio la chini.

Kosa hilohilo huenda na upande wa pili. Agosti 2019, palepale Monterey, Aston Martin DB5 yenye vifaa vya kijasusi vya James Bond ilikadiriwa milioni 4 hadi 6 na ikatangazwa 6,385,000. Imevuka kadirio? Ondoa ada kwa hesabu ileile na utabaki na nyundo ya milioni 5.8, ndani ya makadirio. Ile GTO ya New York ya 2023 ndiyo inaumiza zaidi: nyundo ilikuwa milioni 47, zaidi ya asilimia 20 chini ya namba iliyotajwa.

Namna ya kuigeuza bei iliyotangazwa iwe nyundo: tafuta kiwango cha ada cha mnada huo kwenye masharti yake, kisha gawanya. Kama ada ni asilimia 15 na gari limetangazwa pauni 46,000, gawanya 46,000 kwa 1.15 upate 40,000. Likiwa limekadiriwa 40,000 hadi 50,000, tangazo linaonyesha limeuzwa katikati. Ukweli ni kwamba limeuzwa kwenye mstari wa chini kabisa. Ada zikiwa na ngazi mbili, kama zile za Monterey, anza kwa kukisia nyundo ya namba nzima na ujumlishe ada. Wanadi hugonga kwenye namba nzima karibu kila mara, kwa hiyo ukipata 5,800,000 badala ya 5,793,412 ujue umepata jibu.

Viwango hivi hutofautiana baina ya kampuni, baina ya nchi, na vimekuwa vikibadilika. Minada ya mtandaoni kama Bring a Trailer hutoza asilimia ndogo yenye kikomo, na haitoi makadirio ya kampuni kabisa. Wasomaji ndio wanaobishana bei wenyewe. Usichukue kiwango cha mwaka huu ukakitumia kwa matokeo ya 2015.

Hatua ya nne: fungua daftari lako

Chagua modeli moja unayoitaka. Si “Mercedes za zamani”, bali kwa mfano Mercedes-Benz 280 SL ya umbo lile linaloitwa Pagoda. Kusanya matokeo ya miaka miwili iliyopita kwenye kurasa za kampuni zenyewe na kwenye tovuti ya Classic.com inayoyakusanya. Ukipata 20 au 30, inatosha kuanza. Kwa kila gari andika kadirio la chini, la juu, nyundo uliyoikokotoa, kama liliuzwa na bei ya siri au bila, sarafu, na hali ya gari kwa maneno yako.

Kisha gawanya nyundo kwa katikati ya makadirio. Gari lililokadiriwa 80,000 hadi 100,000 na kugongwa 81,000 linakupa 0.9. Panga namba zako zote kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ile ya katikati kabisa. Usitumie wastani, kwa sababu gari moja la mtu maarufu lililouzwa mara kumi ya kadirio litakuharibia hesabu nzima. Ya katikati ikiwa 0.87, basi kwa modeli hiyo kampuni zina kawaida ya kujaza upepo, na wewe unajua ukate kiasi gani unaposoma katalogi mpya. Hesabu pia ni magari mangapi kati ya yote yaliangukia ndani ya makadirio. Namba hizi mbili zinajibu maswali tofauti: ya kwanza inaonyesha kadirio limeegemea upande gani, ya pili inaonyesha linatawanyika kiasi gani.

Sasa sehemu ambayo daftari nyingi huiruka: magari yasiyouzwa. Yaandike. Gari lililorudi nyumbani limekadiriwa vibaya kuliko yote, na ukiliacha nje, makadirio yataonekana ya kuaminika kwa sababu tu umewafuta waliofeli. Baadhi ya kampuni huyaondoa kwenye kurasa za matokeo baada ya muda, kwa hiyo pita siku ya mnada yenyewe au kesho yake. Likiwa limetajwa dau la juu lililokataliwa, liandike hilo, ukikumbuka kwamba dau lenyewe huenda lilikuwa la mnadi.

Kisa cha Porsche Type 64 hapa hakiepukiki. Gari hili la 1939 lilifikishwa Monterey Agosti 2019 likitarajiwa kuleta takriban dola milioni 20. Mnadi akafungua kwa milioni 13, lakini kioo kikubwa kikaandika 30. Akasema 14, kikaandika 40. Ukumbi ukaanza kupiga makelele ya furaha, simu zikatolewa kurekodi, namba zikafika 70 kabla ya kusahihishwa kuwa 17. Wengine wakazomea, wengine wakaondoka, gari halikuuzwa. Kwenye orodha ya magari yaliyouzwa siku hiyo Type 64 haimo. Kwenye daftari lako lazima iwemo.

Hatua ya tano: pima gari liko kundi gani

Magari yaliyotengenezwa kwa maelfu na kuuzwa kila mwezi ndiyo yenye makadirio ya kutegemewa. Pagoda zilitengenezwa karibu 49,000 kati ya 1963 na 1971. Mtaalamu anapokadiria moja, ana mifano mingi ya jana na juzi. Vivyo hivyo Jaguar E-Type, MGB, au Porsche 911 za kawaida. Akikosea sana huko, kuna jambo kuhusu hilo gari ambalo wewe hulijui.

Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36, na huenda ikapita miaka minne au mitano bila hata moja kuonekana mnadani. Hapo mtaalamu anakadiria watu kuliko gari: ni matajiri wangapi duniani wako tayari wiki hiyo? Akiwepo mmoja tu, hakuna mashindano, hata gari liwe zuri namna gani.

Magari yaliyofukuliwa kwenye mabanda ni kundi la peke yake. Februari 2015, Artcurial waliuza Paris mkusanyiko wa Baillon, magari 59 yaliyokuwa yakioza kwenye shamba magharibi mwa Ufaransa. Ferrari 250 GT California Spider iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon ilikutwa imefunikwa kwa marundo ya magazeti ya zamani. Kadirio euro milioni 9.5 hadi 12; iliuzwa milioni 16.3 pamoja na ada, na hata ukiiondoa ada bado ilipita kadirio la juu. Vumbi lilikuwa na bei yake, na hakuna jedwali lenye safu ya vumbi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kundi la kuwa nalo macho ni magari ya mbio yanayodaiwa kukimbia Safari Rally. Safari ilianza 1953 na ilikuwa ikiyapondaponda magari. Timu za viwanda zilikuwa zikibadilisha bodi na kuhamisha namba za usajili kutoka gari moja hadi jingine bila wasiwasi wowote, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba miaka 50 baadaye kuna mtu atalipa mara kadhaa ya bei kwa sababu ya namba ile. Ford Escort iliyopita Mombasa na Taita na Escort yenye vibao vya gari lililopita huko si kitu kimoja. Kadirio likiwa limesimama juu ya madai hayo, nguvu yake ni sawasawa na nguvu ya karatasi zinazoyathibitisha.

Kipimo cha haraka: angalia upana wa makadirio. 40,000 hadi 50,000 ni mtaalamu anayejua anachosema. 100,000 hadi 200,000 ni mtaalamu anayekuomba umsaidie.

Hatua ya sita: lishushe kadirio kutoka kwenye karatasi hadi kwenye chuma

Kadirio limeandikwa kwa gari lililoelezwa kwenye katalogi. Kazi yako ni kuthibitisha kwamba hilo ndilo lililoko ukumbini. Kwa Jaguar, cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust kinataja namba ya chasisi, ya injini, ya bodi na ya gia boksi, na rangi lililotoka nayo kiwandani. Chukua tochi, fungua boneti, linganisha moja baada ya nyingine. Injini isiyo yake haimaanishi gari baya la kuendesha, lakini bei haiwezi kuwa ileile. Kwa Ferrari ulizia vyeti vya Ferrari Classiche, idara ya kiwanda inayothibitisha uasili wa magari yake ya kale.

Kama huwezi kwenda, mlipe fundi anayeijua modeli hiyo aende siku ya maonyesho. Mwambie apige picha chini ya zulia la miguu, kwenye kona za sakafu, mahali kutu hujificha. Uliza pia kama kuna tangazo la marekebisho. Katalogi ikishatoka, makosa husahihishwa kwa kijitangazo kidogo, na mnadi hukisoma kwa sekunde chache kabla ya kuanza. Wapo wanaopanda dau kwa gari lenye “injini ya asili” ambayo dakika moja iliyopita imetangazwa kwamba si ya asili.

Mwongozo wa bei wa Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale, wenye madaraja manne ya hali ya gari, unasaidia kukagua kama kadirio limeegemea daraja sahihi. Mara nyingi utakuta limewekwa bei ya daraja la pili kwa gari ambalo wewe kwa macho yako unaliweka la tatu.

Hatua ya saba: hesabu kurudi nyuma

Anza na fedha ulizonazo, si na kadirio. Tuseme una pauni 50,000 na mnada uko Uingereza, ada ya mnunuzi asilimia 15. Ada hiyo inatozwa VAT ya asilimia 20, kwa hiyo mzigo halisi ni asilimia 18 ya nyundo. Gawanya 50,000 kwa 1.18: dau lako la mwisho ni kama 42,300. Gari likiwa na alama ya kuonyesha limeingizwa nchini kwa muda, ongeza asilimia 5 ya kodi ya uingizaji kwa magari yanayokubalika kuwa ya kale. Gawanya kwa 1.23 na dau linashuka hadi karibu 40,600. Bado hujalipa usafiri, bima, wala maegesho ambayo huanza kuhesabiwa siku chache tu baada ya mnada.

Ukitaka kulileta nyumbani, fanya hiyo hesabu ya tatu kabla ya kujisajili. Kenya ina kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika na haikubali kirahisi usukani wa kushoto, kwa hiyo pata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka husika kuhusu gari lako mahususi. Wakala wa forodha anayekuambia “usijali, litapita” hajakupa jibu.

Dau lako liandike kwenye karatasi. Kisha lilinganishe na kadirio la chini ulilolirekebisha kwa daftari lako. Likiwa chini sana ya hapo, huna nafasi ya kweli na gari hilo. Okoa jioni yako.

Hatua ya nane: siku yenyewe, na siku inayofuata

Panda dau kwa simu au mtandao kama unajijua moyo wako ni mwepesi. Ukumbini kuna taa, kinywaji na mnadi anayekutazama machoni na kukuita kwa jina lako. Ukifika kikomo, tikisa kichwa na usimtazame tena.

Gari likipita bila kuuzwa, usifunge kompyuta. Kadirio limeshakataliwa hadharani, muuzaji amevunjika moyo, na mtaalamu anataka kuokoa ada yake. Mwandikie asubuhi inayofuata, taja nyundo utakayolipa na kwamba fedha ziko tayari, na umpe hadi Ijumaa. Mara nyingi jibu la kwanza huwa hapana. La pili hutegemea kama kuna mwingine aliyeandika.